Mguu Hauna Kosa

Sisi wa Busega tumejaliwa pamba, samaki na nyayo pana. Pamba ina bodi yake, samaki wana maofisa wao pale mwaloni, lakini nyayo hazina mtetezi. Nimeamua kuzitetea mwenyewe, maana nimechoka kuambiwa na wauza viatu kwamba mguu wangu una matatizo. Hauna tatizo lolote. Unanipeleka, unanirudisha, na siku zote ulizoniangusha ulikuwa ndani ya kiatu.

Acha niueleze ulivyo. Kisigino ni cha kawaida, tena chembamba. Katikati hakuna la ajabu. Ukifika kwenye vidole ndipo mambo yanapofunguka: kidole gumba kimejitenga na wenzake, wa katikati wamekaa kwa raha zao, na kile kidogo kimetoka nje kabisa, kinatazama barabara ya Musoma. Mama yangu anao mguu huohuo, na bibi alikuwa nao. Tulipokuwa wadogo viatu vilikuwa vya kanisani na vya kupelekwa hospitali. Siku nyingine zote tulikwenda pekupeku kwenye ule udongo mweusi wa mbuga ambao ukipata mvua, lazima vidole vishike, la sivyo unakwenda chini wewe na ndoo yako. Mguu uliolelewa hivyo unajua kuwa una vidole vitano, na kila kimoja kinadai nafasi yake.

Kazi yangu nayo haikuupunguza. Mimi ni afisa ugani; wakulima wananiita bibi shamba. Makao makuu ya wilaya ni hapa Nyashimo, lakini pamba hailimwi ofisini, kwa hiyo natembea. Kiatu cha kazi ni gambuti. Gambuti halina ubaguzi, ni pana kwa kila mtu. Kosa lake ni moja tu: halipumui. Ukianza mashamba saa mbili asubuhi ukamaliza saa nane mchana, ukilivua, soksi zinakamulika. Nyumbani kwangu kuna sheria kwamba gambuti linalala nje, upande wa jikoni. Mbwa alikuwa analala upande huohuo. Alihama bila kuombwa.

Ningeendelea na maisha yangu hivyo kama si kikoba. Kila tukivunja mwisho wa mwaka, akina mama wa kikoba chetu tunakwenda Mwanza, tunakula sato, tunapiga picha Jiwe la Bismarck likionekana nyuma yetu, tunarudi. Safari hii mwenyekiti akasimama, akakohoa, akasema tumekuwa watu wa kula tu. Binti yake amemtumia picha akiwa Kilimanjaro, na sisi tutakwenda Kilimanjaro. Si kileleni; mita 5,895 tuwaachie wenye mapafu ya akiba. Tutaishia Mandara, kituo cha kwanza cha njia ya Marangu, mita 2,720, kwenda na kurudi siku moja. Asiyekwenda, faini.

Hakuna aliyepinga. Kwenye kikoba, mlima unaweza kuujadili, faini haijadiliki.

Waliotupangia safari wakatutumia orodha: koti la mvua, kofia, soksi nzito, chupa ya maji, na mabuti ya kupandia mlima, yanayokaa vizuri mguuni, yenye kupitisha hewa. Koti nilikuwa nalo. Kofia nilikuwa nayo. Chupa ya maji nani hana? Mabuti ndiyo yaliyonifanya nijulikane na kila muuza viatu kuanzia Magu hadi Bunda.

Kwetu kiatu kinaagizwa kwa kijiti. Unakanyaga chini, mtu anakulinganishia ufito kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, anaukata, anamkabidhi anayekwenda mjini. Huko mnunuzi anaingiza kijiti ndani ya kiatu; kikilala sawasawa, analipa. Vizazi vimevaa viatu kwa njia hiyo. Nami nikakata changu, nikampa konda wa basi la Mwanza, kijana mwaminifu ambaye hajawahi kupoteza hata chenji ya mtu. Jioni akashuka na boksi. Kijiti kilikuwa ndani ya buti la kulia, kimelala kwa raha, hakigusi mbele wala nyuma. Kilikuwa kimepata kiatu cha maisha yake. Mimi nikaingiza mguu, ukafika nusu, ukakataa.

Konda alishangaa kwa dhati. "Lakini kijiti kiliingia, mama."

Ni kweli kiliingia. Ila anayepanda mlima ni mimi.

Hapo nikaanza kufuatilia hizi namba za viatu zinatoka wapi, na nilichokuta kilinifanya nimsamehe konda papo hapo. Namba za Ulaya, zile 38, 40, 42, zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita. Za Kiingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi. Zote zinataja urefu, basi. Yaani viwanda vyote hivyo, na mashine zao zote, vinatumia kijiti. Tofauti ni kwamba kijiti chao kimeandikwa namba.

Upana upo, lakini umefichwa kwenye herufi ambazo madukani kwetu hazifiki. Wamarekani wanaziandika ndani ya ulimi wa kiatu. Kwa mwanamke, B ndio upana wa kawaida, D ni mpana, na 2E ni mpana zaidi. Kwa mwanamume, wa kawaida ni D, mpana ni 2E, na 4E ni wale ambao Mungu hakuwafanyia ubahili. Na mtu wa kuvipima vyote alikwishapatikana zamani: katika miaka ya 1920, mjini Syracuse, jimbo la New York, kijana wa familia ya wauza viatu aitwaye Charles Brannock alibuni kipimo cha chuma cha kukanyaga, kinachosoma kwa pamoja urefu, upana na mahali upinde wa mguu unapoishia. Mfano wake wa kwanza aliuunga kwa vipande vya mchezo wa watoto. Karibu miaka mia imepita. Mchezo wa watoto umetosha kuipima Marekani nzima; sisi bado tunakata fito.

Nikafunga safari mwenyewe kwenda dukani. Muuzaji alikuwa mchangamfu, wa kukuita mama kabla hujamaliza kusema hodi. Akaniletea buti la kike, la waridi, zuri la kuweka sebuleni, pua yake imechongoka kana kwamba wanawake wanapanda milima kwa kidole cha kati peke yake.

"Linabana," nikamwambia.

"Litatanuka."

"Lini?"

"Ukivaavaa, mama. Ngozi ina usikivu."

Ngozi hutanuka kidogo, sikatai. Lakini pua ya buti la mlima imeimarishwa kwa mpira nje na kitu kigumu ndani, ili jiwe lisikuvunje kidole. Sehemu hiyo haisikilizi mtu. Mkianza kushindana nani atakubali kwanza, atakayekubali ni kidole chako kidogo, tena atakubali kwa malengelenge. Nikamwambia hivyo. Akabadili mbinu, akapanda ngazi na kuniletea namba 43. Kweli, upana ukapatikana. Lakini mbele kukabaki chumba cha kupangisha, na kisigino kikawa kinapanda na kushuka kila hatua. Nikitembea, mimi natangulia kufika, buti linafuata.

"Hilo limekaa vizuri sana," alisema.

"Limekaa. Mimi ndiye sijakaa."

Nikauliza vya kiume. Aliangalia mlangoni, akainama, akanong'ona kama mtu anayemnusuru mwenzake na aibu: "Mama, hivyo ni vya kiume." Nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mguu wangu haujui kusoma, unachotaka ni nafasi. Vya kiume vya namba yangu vilikuwa vimekwisha. Nikatoka, nyuma nikimsikia anamweleza mteja mwingine kwamba litatanuka.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nadhani aliyeisema mara ya kwanza alikuwa ametoka kununua viatu. Kila mtu ana ushauri kwa mguu usio wake. Jirani akasema niloweke mabuti usiku kucha. Shemeji akasema niyajaze mahindi na maji, mahindi yakifura yatayapanua. Mama akasema niache mlima, nilipe faini, nikae nyumbani. Akanikumbusha kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama ana kawaida ya kuchagua methali inayolenga kiungo husika.

Aliyekuja na jambo la maana alikuwa wifi yangu wa Mwanza. Mwanawe aliyeko Kanada alimletea mabuti ya mlima ambayo hajayavaa, mapana kiasi, na ndani yana ule utando wa kisasa unaozuia maji. "Na yanapumua," akaniapia. Nikayachukua kwa mkopo, na kwa kuwa kiatu cha mlima hakijaribiwi sebuleni, nikaenda nayo kazini.

Utando wa aina hii una kisa chake. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore alivuta kwa ghafla ufito wa plastiki iitwayo PTFE. Badala ya kukatika ukarefuka, ukajaa vitundu visivyoonekana kwa macho. Tone la maji haliwezi kupenya, mvuke unapenya. Yote hayo ni kweli. Lakini mvuke hautoki kwa sababu umeandikiwa kwenye boksi kwamba utoke. Unatoka pale ndani panapokuwa na joto na unyevu kuliko nje. Kanada, sawa. Busega, saa nane mchana, kiangazi, juu ya udongo mweusi uliopasuka: mvuke wa mguu wangu ulichungulia nje, ukaona hali ilivyo, ukarudi ndani kukaa.

Halafu nikavuka kijito. Maji yalikuwa yamezidi buti kwa vidole viwili hivi, yakaingia kwa juu, kwa heshima zote. Hapo nikajua tabia nyingine ya utando wa kuzuia maji: hauna upendeleo. Yakiwa nje hayaingii, yakiwa ndani hayatoki. Nikaendelea na ukaguzi wa mashamba, kila mguu na bwawa lake.

Nilipofika kwa mzee mmoja mkulima wetu, jua lilikuwa kali na miguu imevimba. Akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama:

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Marahaba, karibu ndani."

Ndani huingii na viatu, kila mtu aliyelelewa anajua. Nikafungua kamba, nikavuta. Halikutoka. Nikakaa kwenye kigoda, nikavuta tena. Mzee akawaita vijana wake. Mmoja akashika buti, mwingine akashika mwenzake kiunoni, wakaanza. Mimi nimeshikilia nguzo ya kibaraza, hadhi yote ya ofisi imo mikononi mwa nguzo ile. Mzee, ambaye amezalisha ng'ombe tangu ujana wake, alitazama kwa muda kisha akasema kwa utulivu:

"Msivute kwa pupa. Ngojeni asukume mwenyewe."

Nikasukuma. Buti likachomoka, vijana wakaenda chali, kuku wakatawanyika, na maji ya kijito yakamwagika uani. Mama mwenye mji akatoka jikoni, akatazama maji, akautazama mguu wangu uliokunjamana, akanishika bega. "Pole, mayu. Ni wa kiume au wa kike?"

"Namba arobaini na moja, mama."

Tulicheka mpaka buti la pili likatoka lenyewe. Tukiwa tunakunywa chai, mzee akaanza kukumbuka miaka ya themanini, viatu vilipokuwa vya kupangiwa foleni na mtu akipata jozi anauliza namba baadaye. Akasema nchi yetu iliwahi kujenga kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro, kikaishia wapi? Swali zuri. Kiwanda kile kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na mpango ulikuwa kwamba sehemu kubwa ya viatu viende Ulaya. Mashine zilikuwepo, wafanyakazi walikuwepo. Hakikuwahi kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake, na uzalishaji ukakoma mwaka 1990. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mimi inanigusa moja: jengo lilikuwa na kuta za aluminiamu na halikuwekewa mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Wataalamu walikaa, wakachora, wakajenga kiwanda cha viatu kisichopumua. Nilipomweleza mzee, akavitazama viatu vya wifi vilivyoanikwa uani, akatikisa kichwa. "Kumbe mayu umevaa kiwanda."

Basi siku hizo, kila aliyenicheka nilimpa somo la historia, apende asipende. Basi la Arusha linalokatiza Serengeti linapita Ngorongoro, na huko kusini kidogo ya njia kuna Laetoli. Hapo mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Nyayo za kwanza hapo zilikuwa zimegunduliwa miaka miwili kabla, pale watafiti walipokuwa wakirushiana mavi ya tembo kwa mchezo, mmoja akaanguka katika kuyakwepa, akaona chini alama za wanyama wa kale. Mwaka 2016 Profesa Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki na wenzao wakatangaza nyayo nyingine za papo hapo. Wale watu, tuwaite watu, walitembea Tanzania hii bila kuulizwa namba. Hakuna aliyewaambia majivu yatatanuka.

Na kama hilo ni la zamani mno, kuna Roma, Septemba 1960. Abebe Bikila wa Ethiopia alijaribu viatu alivyopewa kwa ajili ya marathoni, havikumkaa. Akavua. Akakimbia pekupeku jioni hadi usiku katika barabara za mawe za Roma na kuchukua dhahabu kwa saa 2:15:16. Miaka minne baadaye Tokyo alivaa viatu, akashinda tena. Ninavyoelewa mimi, somo la Bikila si kwamba viatu ni vibaya. Somo ni kwamba kisichokukaa kivue, hata kama umepewa bure na dunia inakutazama.

Wapo wanaotaka sayansi. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Kristiaan D'Août walichapisha vipimo vya miguu ya watu wa India waliozoea kutembea pekupeku, wakiwalinganisha na wenzao wenye kuvaa viatu na watu wa nchi za Magharibi. Waliokwenda pekupeku walikuwa na miguu mipana zaidi, na uzito wao ukisambaa vizuri zaidi kwenye unyayo. Kwa hiyo mguu wa Busega haujaharibika. Ni mguu ambao haujafinywa.

Mimi nilikuwa na utetezi wa kutosha kufungua kesi. Sikuwa na viatu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikaenda kuinama gulioni kwenye mitumba. Nilikwenda jioni, kwa sababu mguu huongezeka kadiri siku inavyokwenda. Kiatu ulichokijaribu asubuhi, jioni utakikana. Nilikwenda na soksi nzito zilezile za mlimani. Na safari hii sikubeba kijiti. Nilikuwa nimesimama juu ya karatasi, uzito wote miguuni, binti yangu akapitisha kalamu kuzunguka nyayo zote mbili. Zote, maana mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, na kiatu kinamfuata mkubwa.

Muuzaji alikuwa kijana wa makamo ya mwanangu, amekaa nyuma ya kilima cha viatu. Nikasubiri aseme litatanuka. Akaitazama karatasi, akaitazama miguu, akasema neno ambalo hakuna muuza viatu aliyewahi kuniambia:

"Anti, hapa tusiangalie namba kwanza."

Alikuwa na utaratibu wake. Kila buti alichomoa soli ya ndani, ile inayolala chini ya unyayo, akaitandika ardhini. "Simama hapa." Kidole kikimwagika nje ya soli, buti linarudi kwenye kilima bila hata kuvaliwa. Vya kike vikarudi vyote, kimoja baada ya kingine, pamoja na vingine vya bei mbaya vilivyotoka Ujerumani. Halafu akatoa buti la kiume, la kijivu, kavu, mbavu zake za kitambaa chenye vitundu, pua pana ya duara. Soli ikatandikwa. Nikasimama. Vidole vyote vitano vikawa ndani ya mipaka, na mbele ya kidole gumba pamebaki upana wa dole la mkono, nafasi ya kuteremkia mlima. Nikafunua ulimi: 8 2E. Nane ya kiume ya Marekani, yaani 41 yetu, na upana wake umeandikwa kweupe.

"Halina utando wa maji," akanionya. "Likilowa linalowa. Ila linakauka."

"Linapumua?"

Akachukua mkono wangu, akauingiza ndani ya buti, akaweka mdomo ubavuni kwa nje, akapuliza. Upepo ukanifikia vidoleni. Wanunuzi wa pembeni wakasimama kutazama mtu mzima anayepuliziwa kiatu. Nikamwambia apulize na la pili.

Bei alianzia elfu hamsini, akisema ni gredi wani, mzigo umefunguliwa jana. Nikayakunja mabuti, nikaziminya soli kwa kidole gumba, kwa sababu soli za povu za mabuti ya mlima zikikaa stoo miaka mingi huoza zikiwa nzima machoni, kisha humeguka ukiwa njiani. Hazikumeguka, lakini gundi ya mbele ilikuwa imeanza kuachia, na gundi ile ikanishushia bei hadi elfu thelathini na mbili. Fundi viatu wa chini ya mwarobaini, hapa Nyashimo, akazungushia uzi soli yote, akanifundisha na kamba: pale mguu ulipo mpana zaidi, ruka tundu moja bila kupitisha kamba, kisha kaza kwenye kifundo ili kisigino kisicheze. Sikujua kamba ina akili hiyo. Nilikuwa naifunga tu isidondoke.

Nikayavaa kila mahali. Nilipikia ugali, nikaenda nayo kanisani, nikapanda na kushuka mawe ya nyuma ya kijiji mpaka watoto wakaacha kunifuata. Vumbi liliingia kwenye vile vitundu, ndiyo, tena la kutosha kupandia bamia. Lakini soksi zilikuwa kavu. Nikayalaza ndani ya nyumba na hakuna aliyehama. Mbwa alirudi.

Mlima wenyewe sitausimulia sana, mnaujua. Msitu, matope, mbega weusi kwa weupe juu ya miti wakitutazama sisi tuliolipa ili tuchoke. Mwongozaji kila baada ya hatua chache anasema pole pole, na wapagazi wanatupita na mizigo kichwani, wanatusalimu bila kuhema. Mwenda pole hajikwai, nasi hatukujikwaa. Tulifika Mandara tukiimba.

Kushuka ndiko kulikochambua watu. Mwenyekiti na mweka hazina walikuwa wamenunua mabuti mapya wiki ileile, ya kike, membamba, ya kufanana, waliyoambiwa yatatanuka. Ukiteremka, mguu unasukumwa mbele, na kama mbele hakuna nafasi, kila hatua kucha zinabisha hodi kwenye pua ya kiatu. Mweka hazina alivumilia mpaka kwenye msitu mzito, akakaa kwenye gogo, akatoa kandambili kwenye begi. Mwenyekiti hakuwa na kandambili. Alichokuwa nacho ni cheo. Akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume, mkono begani kwa mwongozaji, akitutazama usoni sisi wanachama wake kwa muda wote wa safari, na katika hali hiyo akapitisha azimio kwamba mwakani tunarudi Mwanza kula sato. Hakuna aliyethubutu kuomba mjadala.

Mimi nilishuka kwa mbele, vidole vitano vya kila mguu vikiwa mahali pake. Mweka hazina alinikuta getini nimekaa, akayatazama mabuti yangu ya kijivu yenye uzi wa fundi.

"Shoga, hayo si ya kiume?"

"Ya kiume."

"Yapo mengine?"

Sasa nimekuwa wakala bila kusajiliwa. Wanakikoba wananitumia miguu yao, na sharti langu ni moja: sipokei kijiti. Chora mguu ukiwa umesimama, jioni, miguu yote miwili. Mjomba wangu wa kule Kiloleli, ambaye maisha yake yote amevaa katambuga za matairi na kuvidharau viatu vya dukani, alisikia habari hizi akanipigia simu kwamba naye sasa anataka buti la kupumua. Nikamweleza utaratibu. Juzi bodaboda ameniletea bahasha kubwa iliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake kuna karatasi ya mfuko wa saruji, imechorwa kwa mkaa mguu wa kushoto upande mmoja na wa kulia upande wa pili, na chini mjukuu wake ameandika kwa mwandiko wa shule: "Shangazi shikamoo. Babu anasema tulianza na daftari, vidole viwili vikabaki mezani."